Risala ya Wachelewaji kwa Mgeni Rasmi, Kuhusu Punda na Maboksi

(Imeandikwa na wahitimu wa darasa la saba na kusomwa mbele ya mlingoti wa shule, siku ya mahafali na ufunguzi wa maktaba.)

Mgeni rasmi,
Mkuu wetu wa shule na walimu wetu,
Wazazi mliokaa juani,
Wageni mliokaa hemani:

KARIBU

Karibu sana, mheshimiwa. Karibu tena, maana tumeshakukaribisha mara nyingi bila wewe kuwepo. Wimbo tuliouimba ulipokuwa unashuka kwenye gari tulianza kuufanyia mazoezi tukiwa darasa la tano. Katikati ya kukusubiri, wavulana wakabalehe, sauti zikawavunjika, ikabidi wimbo upangwe upya. Kama umesikia sauti nzito mahali ambapo hazikutakiwa, sababu ni hiyo. Utusamehe.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi na nzito ukaja kutuona. Tunakushukuru kwa vitabu ulivyotuletea. Tunakushukuru kwa hema, kwa viti vya plastiki na kwa vipaza sauti, ingawa tumeambiwa vyote hivyo vinaondoka na wewe jioni.

HISTORIA FUPI YA SHULE

Shule yetu ilianza na madarasa mawili na mlingoti. Sasa ina madarasa ya kutosha kiasi, ofisi ya Mkuu, stoo, choo cha walimu kilichopakwa rangi wiki hii, na mlingoti uleule. Ufaulu unapanda. Nidhamu ni nzuri. Walimu wanajituma na wazazi wanashirikiana nao bega kwa bega.

Hapa ndipo ukurasa wa kwanza wa risala unapoishia. Mkuu wetu, tunakuheshimu kama mzazi, na hatutaki useme tumekuzunguka. Risala hii tulikuletea ofisini ikiwa na kurasa zake zote. Ukasoma wa kwanza, ukasema, "Safi sana, endeleeni hivyohivyo," ukagonga muhuri. Wa pili hukuufungua. Hatukulaumu, baba. Kusoma mpaka mwisho si jambo rahisi, na risala hii inahusu jambo hilo.

ANAYEWASOMEA

Anayewasomea ni mwenzetu tunayemwita Chelewa. Ametuomba tusimtaje sana, tumekataa. Mheshimiwa, ukiangalia vizuri karatasi aliyoishika utaona iko kichwa chini miguu juu. Tunajua wapo waliokwisha kucheka huko hemani. Na mlinzi wako asihangaike kuja kumgeuzia. Haigizi, ndivyo anavyosoma, na kuna sababu.

Chelewa analelewa na bibi yake, mama wa mama yake. Bibi alipooza upande mmoja Chelewa akiwa darasa la pili. Tangu hapo kila asubuhi lazima amgeuze, amwoshe, amnyweshe uji kijiko kwa kijiko, halafu amsubiri jirani, mama mshonaji, aje na kazi zake kukaa na mgonjwa. Jirani akishaingia mlangoni, Chelewa anatoka mbio. Anafika shuleni jasho linamtiririka, na kila siku anakuta wenzake wameshakaa.

Sasa sikiliza jinsi tulivyofundishwa kusoma. Kitabu kilikuwa kimoja kwa kundi zima. Madawati hayakutosha, kwa hiyo tulikiweka sakafuni, tukakizunguka kama watu wanaoota moto. Waliowahi walikaa upande wa chini, ambako herufi zinasimama kwa miguu yake. Waliofuata walikaa ubavuni, shingo upande. Aliyekuja mwisho alipata nafasi iliyobaki, upande wa juu, ambako kila neno limesimama kwa kichwa. Nafasi hiyo ilikuwa ya Chelewa, mwaka ule na mwaka uliofuata na mwingine tena. Hakuna aliyejua kinachotokea kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Basi ikawa akipewa kitabu mkononi asome, anakodoa macho tu. Maneno aliyoyazoea kule sakafuni hayaoni. Akajifunza visingizio. Leo jino, kesho macho, keshokutwa, "Mwalimu, naomba ruhusa niende chooni." Huyu dada chooni alikwenda kuliko mtu yeyote shuleni, mpaka tukadhani ana ugonjwa. Kwenye ripoti yake wakaandika, "Mvivu wa kusoma. Hajitumi." Naye akaona isiwe taabu, akalikubali jina. Ukimwonyesha kitabu anakusonya. "Mimi na kitabu wapi na wapi? Heri nikafue."

Hapa alituambia hataisoma sentensi hiyo mbele ya watu. Tumemwambia ataisoma. Ameisoma.

MAFANIKIO

Mafanikio ya shule hii, mheshimiwa, yalitokana na adhabu.

Tulikuwa na mwalimu wa zamu tuliyemwita Mwalimu Kengele, kwa sababu kengele ya mkononi hakuiacha hata akienda kunywa chai. Asubuhi moja, tukiwa darasa la tano, alisimama hapa mbele ya mlingoti akasema, "Fimbo zimenichosha mkono, na ninyi hazijawachosha. Kuanzia leo anayechelewa hachapwi. Atasimama hapa, atasoma ukurasa mmoja kwa sauti, shule nzima imsikie." Alitaka tuone aibu, hakuficha. Kitabu cha hadithi shuleni kilikuwa kimoja tu, kilichookotwa chini ya kabati la ofisi, jalada lilishatoka zamani.

Siku ya kwanza adhabu ilimwangukia nani? Nani tena.

Chelewa akasimama, akapewa kitabu, akakitazama. Jua linapanda. Halafu akakigeuza juu chini, na shule nzima ikaangua kicheko. Mwalimu Kengele akapandwa na hasira. "Unanichezea, wewe?" Akamgeuzia kikakaa sawa. Chelewa akakigeuza tena.

"Mwalimu, ulivyoweka wewe siyaoni," akasema, machozi yakimlengalenga. "Yamegeuka."

"Nini yamegeuka?"

"Maneno."

Mwalimu Kengele akamtazama, akatutazama sisi, akatazama madirisha ya darasa letu. Alikuwa mtu wa makelele, lakini siku hiyo alisema taratibu, "Haya, mama. Soma unavyoona wewe."

Akasoma. Polepole, neno kwa neno, kama mtu anayevuka matope akichagua pa kukanyaga, lakini akasoma. Ilikuwa hadithi ya mjane muuza chumvi aliyeibiwa punda wake. Mjane hakukaa kulia. Alijifunga kibwebwe akaanza kumfuata punda soko hadi soko, na kila anakofika anaambiwa punda alikuwa hapa jana. Mwisho wa ukurasa akamuuliza muuza kamba mmoja, "Umemwona punda mwenye sikio lililochanika?" Muuza kamba akacheka, akamwambia... Hapo ukurasa ukaisha, na Mwalimu Kengele akapiga kengele ya kuingia darasani.

"Akamwambia nini?" mtoto mmoja wa darasa la kwanza aliuliza kwa sauti. Siku ile tulishinda na swali hilo vichwani kama njaa.

Kesho yake Chelewa akachelewa, kama kawaida, akasoma ukurasa uliofuata. Na kesho yake. Mjane alipofika kwenye mto uliofurika, msomaji wetu alikuwa hakwami tena. Alipofika kwa mwizi wa kwanza, alikuwa anabadilisha sauti: mjane sauti yake, mwizi sauti yake, na punda kidogo atuvunje mbavu. Kitabu siku zote kichwa chini. Tulishazoea, tukaacha kucheka.

Nyumbani nako, mheshimiwa. Kitabu hakikuruhusiwa kutoka shuleni, kwa hiyo kila jioni alimsimulia bibi yake alichosoma asubuhi. Bibi mdomo umekwenda upande, lakini ulimi wake mzima.

"Haya, amempata?"

"Bado, bibi."

"Bado! Huyo mwanamke naye, si angemfunga kamba mbili tangu mwanzo? Endelea."

Jirani mshonaji alituambia kwamba bibi, ambaye alikuwa anakataa kugeuzwa asubuhi na kukataa uji, alianza kuhimiza mwenyewe. "Nigeuze upesi, uende ukasome." Jirani alisema hajawahi kuona dawa ya namna hiyo.

Sasa ikatokea siku ambayo jirani alikuja mapema. Chelewa akawahi shule, kwa mara ya kwanza tangu bibi apooze. Na siku hiyo, kwa bahati mbaya, kila mtu aliwahi. Mwalimu Kengele akauliza, "Leo hakuna mchelewaji?" Hakuna. Mistari ikapooza kama msibani, maana jana mjane alikuwa amejificha ndani ya gunia na mwizi anakaribia. Basi Chelewa akatoka kwenye mstari. Akatembea mpaka nje ya geti, akalifunga. Akalifungua, akaingia.

"Samahani, mwalimu," akasema. "Nimechelewa."

Yule mtu wa chooni, yule wa heri nikafue, ndiye huyo. Sisi tuliokuwepo hatutaisahau siku ile mpaka tuingie kaburini.

Baada ya hapo ugonjwa ukaenea. Wakubwa kwa wadogo walikuwa wanajificha nyuma ya uzio kusubiri kengele ilie ili wachelewe. Tuligombana hasa. "Leo zamu yangu kuchelewa!" "Zamu yako lini, wewe ulichelewa juzi!" Mwalimu Kengele alipogundua alifoka sana, akatuita wahuni. Lakini tukaona wiki iliyofuata anapiga kengele mapema kuliko saa ya shule, makusudi, ili mchelewaji asikosekane. Na akipiga, anasogea karibu na msomaji kuliko sisi.

Hayo ndiyo mafanikio yetu. Kwenye taarifa uliyopewa hayamo.

CHANGAMOTO

Kwenye ukurasa wa mwisho tuliokuwa nao, mjane amefika penye nyumba yenye ukuta mrefu. Nyuma ya ukuta punda analia, na mjane anaitambua sauti. Anaweka mkono kwenye komeo la geti. Basi. Baada ya hapo kulikuwa na uzi wa kushonea tu, na alama za mchwa.

Chelewa alitafuta chini ya kabati, akatafuta stoo, akatafuta jalalani. Hakuna. Mwalimu Kengele akatuambia tutunge mwisho wetu wenyewe, tukatunga, kila mtu na wake. Chelewa akampelekea bibi mmoja baada ya mwingine. Bibi akasikiliza yote, akakataa yote. "Hiyo mmetunga ninyi watoto. Mimi nataka ya kwenye kitabu."

Ndipo maboksi yako yalipokuja, mheshimiwa. Tuliyashusha kwenye gari sisi wenyewe kwa furaha, na moja likachanika pembeni. Tukaona jalada jipya linang'aa: mwanamke amebeba gunia la chumvi, na mbele yake punda, sikio moja limechanika. Chelewa alipiga ukelele ambao uliwatoa walimu ofisini. "Ndicho! Ndicho!"

Mkuu akaja mbio na selotepu. "Msiguse! Havifunguliwi mpaka mgeni rasmi aje avifungue."

"Tuazime kimoja tu, Mkuu. Tutakirudisha palepale."

"Vikionekana vimeguswa, kwenye picha itakuwaje?"

Tukasema sawa, mgeni rasmi anakuja mwisho wa mwezi. Tukafagia, tukapaka chokaa mawe ya njiani, tukaimba. Hukuja, mvua ilinyesha. Tukafagia tena. Hukuja, ulikuwa na vikao. Tukapaka mawe tena. Hukuja, ulikuwa nje ya nchi, na tulikuombea urudi salama. Kila mara ujumbe ulikuwa uleule, kwamba tusiwe na wasiwasi, vitabu viko salama. Viko salama na nani? Paa la stoo linavuja. Mvua ikianza tunaitwa kuhamisha maboksi kona hii kwenda kona ile. Tumebeba vitabu vyako kichwani, mheshimiwa, mara nyingi kuliko tulivyobeba maji. Kichwani ndani hakijaingia hata kimoja.

Na kuna jambo linalotuuma kuliko hilo. Katika kukusubiri huko, taarifa za shule zilipelekwa kwenye ofisi yako, na ofisi yako ikaona shule hii inaongoza kwa wachelewaji. Haikuuliza kwa nini. Barua ya kumhamisha Mwalimu Kengele kwa kulegeza nidhamu ilifika upesi ajabu. Mvua haikuizuia, vikao havikuizuia. Aliondoka asubuhi tukiwa mstarini. Kengele aliiacha, maana ni mali ya shule. Alisimama mbele ya Chelewa akamwambia, "Ukiujua mwisho, uniandikie." Aliyekuja badala yake alirudisha fimbo, na kuchelewa kwa makusudi kukaisha. Ndiyo maana tumesema nidhamu ni nzuri.

Leo sasa. Umekuja, na sisi tunaondoka. Tumeangalia ratiba uliyoshika mkononi: kwanza utagawa vyeti, halafu chakula, halafu utakata utepe wa maktaba. Na kwenye mlango wa maktaba kuna karatasi mpya inayosema, "Kwa wanafunzi wa shule hii tu." Hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Ukishatupa vyeti sisi si wanafunzi wa shule hii. Utepe utakapokatwa, sisi tutakuwa watu wa nje, tutachungulia dirishani. Tuliofagia, tulioimba, tuliobeba maboksi, hatutafungua hata moja. Wahenga walisema chelewachelewa utamkuta mwana si wako. Walikuwa wanamwambia anayechelewa. Hawakusema mwana naye afanye nini.

Utuwie radhi kwa ukali wetu. Hatukulelewa hivi. Tumekasirika tu, na tumeona bora tuseme tukiwa bado tuna sare.

MAOMBI

Tunaomba Mwalimu Kengele arudishwe. Wadogo zetu wanamhitaji, na wengine wao bado wanakaa upande wa juu wa kitabu. Tafadhali mtu apite awaulize wanaona nini.

Tunaomba ile karatasi ya mlangoni ibanduliwe. Na lile kabati la vioo lenye kufuli lililowekwa maktaba, tunaomba ufunguo usikae ofisini kwa Mkuu. Mkuu wetu ni mtu mwema lakini anapenda vitu vikae vipya.

Paa tunakuachia mwenyewe, utaliona mvua ikinyesha, kama utakuwepo.

Ombi la mwisho ndilo lililotufanya tuandike, na kwa hilo tungekubali kuyakosa mengine yote. Bibi yake Chelewa siku hizi hali si nzuri. Uji haupiti vizuri. Maneno yamebaki machache, mengi yamemtoka, lakini "punda" bado lipo. Kila jioni Chelewa akiingia, hajavua hata viatu, anaulizwa, "Wamefungua?" Anajibu, "Bado, bibi." Amejibu hivyo tangu darasa la tano. Asubuhi ya leo jirani mshonaji alimsindikiza mpaka mlangoni akamwambia, "Mahafali yakiisha tu, njoo. Usizubae na wenzako." Jirani si mtu wa kutisha watu ovyo. Chelewa ametoka nyumbani akiwa amemwahidi bibi kwamba leo atarudi na mwisho, wa kwenye kitabu.

Ukigawa vyeti kwanza, ukala, ukakata utepe, ukapiga picha, jua litakuwa limezama. Mheshimiwa, sisi hatuna uhakika na jua la leo.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Shule hii ina sheria moja ambayo iliwahi kutufaa, na haikuwahi kufutwa rasmi. Anayechelewa husimama mbele ya mlingoti akasoma ukurasa mmoja kwa sauti, shule nzima imsikie. Sheria haikusema anayechelewa ni mtoto. Hatusemi haya kwa dharau. Wewe umechelewa, mheshimiwa. Si leo asubuhi tu. Na kwa kuchelewa kwako hatuombi fidia nyingine yoyote.

Boksi liko mlangoni mwa stoo, lile lenye selotepu pembeni, tulilitoa tangu asubuhi. Kitabu kiko juu kabisa. Njoo usome kuanzia pale mjane anapoweka mkono kwenye komeo. Ni kurasa chache, tumezikisia kwa unene. Ukikwama tutasubiri, tumezoea. Ukiona maneno yamekataa kabisa, geuza kitabu, mwenzetu atakuonyesha. Hakuna atakayekucheka. Sisi tulishacheka zamani, na tulijua baadaye tulikuwa tunacheka nini.

HITIMISHO

Mwenyezi Mungu akubariki wewe na nyumba yako. Awape wanao na wajukuu wako vitabu vyenye kurasa zote, na mtu wa kuwauliza wanaona nini. Awalinde walimu wetu, waliopo na waliohamishwa. Amjalie Mkuu wetu kufika ukurasa wa pili. Na amhifadhi bibi mpaka jioni hii, hatuombi zaidi ya hapo.

Ni sisi watoto wako, wahitimu wa darasa la saba, Wachelewaji.

Chelewa sasa anashusha karatasi. Atakuletea mkasi wa kufungulia boksi, halafu atakaa hapo chini ya mlingoti, viatu ameshavikaza kwa safari ya nyumbani. Kengele imeshalia, mheshimiwa. Tunakusikiliza.